Nani Anamlipa Fundi Siku za Kujifunza Mashine Mpya?

Kila mwaka bajeti inaposomwa katika Baraza la Wawakilishi pale Chukwani, Wazanzibari tunaelezwa hesabu ya vitu: boti za fiber zilizokabidhiwa, vyerehani, trekta, mashine za kusarifu mwani, mikopo iliyotolewa. Ni hesabu nzuri na sina ugomvi nayo, maana kitu kisichofika hakiwezi kutumika. Lakini ipo hesabu nyengine ambayo ni nadra kuisikia, na kwangu mimi ndiyo yenye habari: pale kikundi kimoja kilipopewa mashine, ni majirani wangapi ambao hawakupewa kitu, wakaiona ikifanya kazi, wakaitamani na kuinunua kwa fedha zao?

Nauliza hivyo kwa sababu visiwa hivi havijawahi kuwa na shida ya kufikiwa na vitu vipya. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, inatajwa miongoni mwa majengo ya mwanzo Afrika Mashariki kuwa na umeme na lifti. Mwanzoni mwa karne ya 20 treni ilikuwa ikitoka mjini hadi Bububu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ilirusha televisheni ya rangi, na wenzetu wa Bara wakasubiri kama miaka 20 kupata televisheni ya aina yoyote. Pamoja na yote hayo, vijiji vingi vya Unguja na Pemba viliona nguzo ya kwanza ya umeme katika miradi ya umeme vijijini iliyoanza miaka ya 1980 kwa msaada wa Norway. Kufika na kuenea ni mambo mawili, na sisi tumelishughulikia sana lile la kwanza.

Hili si la Zanzibar peke yake. Wachumi wa OECD, jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi, Dan Andrews, Chiara Criscuolo na Peter Gal, walizipima kampuni za nchi wanachama kati ya mwaka 2001 na 2013, wakazigawa makundi mawili: zilizo mstari wa mbele kabisa duniani kwa tija, na zote zilizobaki. Katika viwanda, tija ya wafanyakazi katika kampuni za mbele ilikua kwa wastani wa asilimia 2.8 kwa mwaka, na katika zilizobaki asilimia 0.6. Katika huduma pengo lilikuwa kubwa zaidi: asilimia 3.6 dhidi ya 0.4. Uvumbuzi ulikuwepo na waliotangulia waliutumia. Uliposhindwa kufika ni kwa kampuni ya kawaida, ile inayoajiri watu wengi. Na hizo ni nchi zenye mabenki, barabara, vyuo na umeme usiokatika.

Hapa kwetu tofauti hiyo inaonekana hata bila takwimu. Hoteli kubwa ya Kendwa au Nungwi inajua leo asubuhi itakuwa na wageni wangapi wiki ya tatu kuanzia sasa, ina samaki kiasi gani kwenye barafu na umeme wake unakwenda wapi. Hatua chache kutoka getini, anayeiuzia hoteli hiyo mboga au samaki anaweka hesabu zake kichwani, hana barafu ya kutosha, na bei ya siku anaijua akishafika mlango wa jikoni. Wote wawili wamo ndani ya uchumi mmoja na wanakutana kila siku. Ujuzi wa mmoja haumfikii mwenziwe.

Maelezo tuliyoyazoea ni kwamba huyu wa pili hana elimu, hana mtaji, au ni mzito wa kubadilika. Dawa inayotoka kwenye maelezo hayo ni semina ya siku tatu, cheti, na pengine mashine. Naamini maelezo hayo yanamdhulumu. Mara nyingi mtu huyu ameshapiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi: faida ya kitu kipya itakwenda kwa mwengine, na gharama ya kujifunza itabaki kwake.

Utafiti ulionishawishi zaidi juu ya jambo hili ulifanyika Sialkot, mji wa Pakistan unaotengeneza sehemu kubwa ya mipira ya miguu inayoshonwa kwa mkono duniani. Wachumi David Atkin, Eric Verhoogen na wenzao walibuni kisu cha kukatia vipande vya mpira kwa mpangilio mpya unaopunguza mabaki. Kwa kisu cha zamani, pande moja la malighafi lilitoa vipande vya pembe tano vipatavyo 250. Kwa kipya, hadi 272. Mwaka 2012 wakavigawa bure kwa viwanda 35. Mtaji haukuhitajika, hatari ilikuwa ndogo, na faida ilionekana kwa macho. Baada ya miezi 15, viwanda vilivyokuwa vikikitumia kweli vilikuwa vichache mno.

Sababu ilikuwa mezani pa mkataji. Yeye analipwa kwa kipande. Kisu kipya, siku za mwanzo, kinampunguza kasi, na malighafi inayookolewa ni ya tajiri. Kwa hivyo tajiri alipomuuliza, mkataji alimwambia kisu hakifai, na tajiri, ambaye hakati kwa mkono wake, hakuwa na njia ya kujua vyengine. Watafiti wakarudi. Katika baadhi ya viwanda wakamuahidi mkataji mmoja na mchapaji mmoja, kila mtu kwake, malipo yanayokaribia mshahara wa mwezi endapo ataonesha mbele ya tajiri wake kwamba anaimudu teknolojia ile. Zilikuwa fedha ndogo sana kwa kiwanda kinachouza mipira nje ya nchi, na matumizi ya kisu yakapanda. Kilichokuwa kimewashinda wenye viwanda kwa zaidi ya mwaka kilianza kutatuliwa kwa mshahara wa mwezi wa watu wawili.

Nikiisoma habari ile, nauona mkarafuu. Mchumaji wa Pemba analipwa kwa kipimo, iwe pishi au kilo. Mwenye shamba anataka tawi livutwe taratibu lisivunjike, kwa kuwa tawi lililovunjika leo ni karafuu zitakazokosekana msimu ujao. Anataka ngazi na kamba zitumike, zichumwe zilizopevuka na changa zisubiri. Mchumaji anataka ajaze chombo chake kabla jua halijashuka, maana hiyo ndiyo chai ya watoto wake. Kila msimu viongozi wanahimiza matawi yasivunjwe, na kila msimu yanavunjwa. Himizo haliwezi kushindana na kipimo. Hali ni mbaya zaidi pale mikarafuu inapokodishwa kwa msimu mmoja, kwa sababu hapo hata anayesimamia uchumaji hana haja na mwaka ujao. Mkodishwaji wa misimu mitatu au minne angemlipa mchumaji kwa namna nyengine, na angekuwa wa kwanza kununua ngazi nzuri bila kuambiwa na mtu. Upande wa kuanika mambo ni mepesi kidogo, kwani ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, hununua kwa madaraja, na karafuu iliyokauka vizuri juu ya jamvi inarudisha jasho la aliyeianika.

Ushahidi wenye nguvu zaidi tulionao wenyewe, hata hivyo, uko baharini, na inanishangaza kwamba hatuusomi.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989 mashariki mwa Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Ndani ya miaka michache kilikuwa kimezunguka mwambao wa Unguja na kuvuka Pemba. Hivi leo wanaokilima wanazidi 20,000, na wengi wao sana ni wanawake. Jaribu kufikiria maana yake. Wanawake wa shamba, wengi wao wakiwa na elimu kidogo ya skuli, waliipokea teknolojia ya kigeni kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, wakaifunza kwa ndugu zao na majirani, na kuubadilisha mwambao mzima kwa kasi ambayo mradi wowote wa serikali ungejivunia. Na waliosema ni wazito wa kubadilika waliwasema hawa hawa.

Kwa nini ulienea? Kampuni za kusafirisha nje ziliwapa wakulima kamba na mbegu kisha zikanunua mavuno, kwa hivyo hatari ya mwanzo aliibeba mnunuzi. Kazi yenyewe ilihitaji vigingi, kamba na maji ya bamvua, vitu ambavyo mwanamke wa pwani alikuwa navyo au alivijua tangu utotoni. Mavuno yalikuja baada ya wiki kama sita, si baada ya miaka. Na fedha zilishikwa na aliyeinamia kamba. Aliyejifunza na aliyefaidika alikuwa mtu mmoja.

Sasa tazama teknolojia ya pili katika bahari ile ile, kwa wanawake wale wale. Mwani wa aina ya cottonii una bei nzuri kuliko spinosum, aina nyengine inayolimwa hapa, kwani unatoa karagini, kigandishi cha chakula, inayotafutwa zaidi na viwanda vya chakula. Lakini cottonii haistahimili maji ya moto, na maji ya kina kifupi tunakolima yamezidi kupata joto. Umekuwa ukiugua na kufa katika maeneo mengi ambako zamani ulistawi, wakulima wakabaki na spinosum. Jibu la kitaalamu limejulikana muda mrefu. Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa mwani Zanzibar, na wenzake wamefanya majaribio ya kulima katika maji ya kina kirefu, kwa kamba zinazoelea na kwa nyavu za mirija zinazouzuia mwani usichukuliwe na mkondo. Kule chini maji ni baridi zaidi na mwani unaishi.

Teknolojia hii ya pili haikuenea kama ya kwanza, na ukiipitia kwa mizani ile ile utaona sababu bila kumlaumu mtu. Inataka boti, na boti ina bei. Inataka mtu anayejua kuogelea, na wanawake wengi wa mwambao wetu wamefanya kazi ndani ya bahari umri wao wote bila kufundishwa kuogelea. Inamtaka mwanamke awe na mwenzake, mara nyingi mwanamme mwenye chombo, ambaye naye atataka fungu lake. Inataka nyavu ambazo hakuna mnunuzi anayezikopesha kama zilivyokopeshwa kamba miaka ile ya mwanzo. Gharama zote zimehamia kwa mkulima, na bei anayolipwa ufukweni bado inaamuliwa na mwengine. Yule aliyekubali mara moja mwaka 1989 anasita sasa, na akili yake haijapungua.

Ndiyo maana naliona jambo la mradi wa Panje kule Nungwi, wa kuwafundisha watoto kuogelea, wakiwemo wasichana, kuwa ni jambo la uchumi pia, ingawa umeanzishwa kwa ajili ya kuokoa maisha yao. Msichana anayejua kuogelea leo ndiye atakayeweza kulima mwani wa kina kirefu baada ya miaka kumi. Boti za fiber ambazo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) imezigawa kwa vikundi vya wakulima wa mwani zinaondoa kizuizi kimoja. Zikikabidhiwa kwa kikundi ambacho hakuna mwanachama anayeweza kujirusha majini na kurudi, zitatumiwa na mvuvi atakayeazimwa, na hilo si kosa la kikundi.

Kwenye sabuni, mafuta na unga wa mwani nitapita haraka. Tangu lilipoanzishwa mwaka 2006 kundi la wadau wa mwani linalojulikana kwa kifupi cha ZASCI, ujuzi wa kutengeneza sabuni umeenea vizuri, na wanawake wengi wanaujua. Shida yake ni ya aina nyengine: waliojifunza wamekuwa wengi kuliko wanunuzi wa bidhaa inayofanana, na kwa hivyo kujua zaidi hakumwongezei mtu kipato.

Tuingie mjini. Katika karakana za useremala za Jang'ombe, Mwanakwerekwe na Amani, pengo kati ya fundi bora na fundi wa kawaida ni kubwa mno kwa watu wanaotumia mbao zile zile. Mmoja anamaliza kitanda kwa nusu ya muda wa mwenziwe, mabaki yake machache, miguu haichezi. Ukitazama kwa makini, tofauti mara nyingi haimo kwenye mashine. Yule wa kwanza anaandika vipimo, anakata vipande vyote vinavyofanana kwa mpigo mmoja, anajua gundi imebaki kiasi gani kabla haijamalizika katikati ya kazi, na vyombo vyake vina mahali pa kuwekwa. Mchumi Nick Bloom na wenzake walilipima jambo kama hili katika viwanda vya nguo karibu na Mumbai, India. Waliwapelekea washauri wa kuwafunza mambo ya msingi: kuandika sababu ya kila mashine kusimama, kuhesabu stoo, kusafisha sakafu, kupanga kazi. Tija ilipanda kwa asilimia 17 katika mwaka wa kwanza. Wenye viwanda walikuwa hawajafanya hivyo kabla kwa sababu hawakujua, au walidhani hakutaleta kitu.

Kwa hiyo kuna ujuzi ambao hauna bei dukani na unakaa mtaani kwetu, kwa jirani. Mbona hauvuki barabara?

Nimezungumza na wenye karakana wa kutosha kuliamini jibu lao: ukimfundisha kijana vizuri, anaondoka. Anapata kazi kwenye ujenzi wa hoteli, au anafungua kibanda chake mtaa wa pili na kuchukua wateja. Kwa mwenye karakana hii ni hasara halisi, na sioni haki ya kumlaumu anapomficha kijana nusu ya kazi. Kwa Zanzibar nzima, lakini, kijana yule aliyeondoka ndiyo teknolojia yenyewe ikienea. Kila fundi anayehama na ujuzi mzuri anaiinua karakana nyengine. Tunayo, basi, kazi ambayo inamfaidisha kila mtu isipokuwa anayeifanya, na kazi ya namna hiyo lazima ilipiwe na umma, la sivyo itafanywa kidogo. Programu ya uanagenzi na vituo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji vimemlenga mwanafunzi, na ni sawa. Ningependa vimtazame pia tajiri aliyemfundisha. Kijana akihama baada ya kuiva, mwalimu wake wa karakana apate malipo, na malipo hayo yawe makubwa zaidi kwa wanaohama na kwenda kufungua kazi zao kuliko kwa wanaobaki. Tukifika hapo, mwenye karakana hatakuwa na sababu ya kuficha.

Na mwalimu wa kituo cha amali atoke, aende karakana. Mwenye kibanda hawezi kukifunga siku tatu kwa ajili ya semina hotelini, kwa sababu siku tatu bila kazi ni siku tatu bila kula, na posho ya semina haimrudishii mteja aliyekwenda kwengine. Mshauri wa Mumbai alikaa kiwandani miezi, akisimama karibu na mashine.

Kuna sababu ya tatu ya kusita, na hii ni ya kumbukumbu. Mwezi Mei 2008 Unguja ilikosa umeme kwa muda wa karibu mwezi mzima, kwa hitilafu ya njia inayotuletea umeme kutoka Bara. Tarehe 10 Disemba 2009 umeme ukakatika tena na haukurudi hadi Machi 2010. Miezi mitatu. Mwokaji mwenye tanuri la kuni aliendelea kuoka mikate, na aliyekuwa amekopa kununua tanuri la umeme alikaa analitazama. Mwaka 2010 Pemba ikaunganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari, ikaachana na kutegemea majenereta ya dizeli, na mwaka 2013 Unguja ikapata waya mpya wa megawati 100. Hali imebadilika sana. Lakini aliyeyaona yale hatoi akiba yake yote kwa mashine inayotegemea swichi, na ushauri wa kitaalamu usioanza na swali la umeme, vipuri na fundi wa kuitengeneza mashine ikiharibika hautamgusa. Mashine ambayo kipuri chake kiko Guangzhou na fundi wake yuko Dar es Salaam ina bei kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye risiti.

Linganisha na simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, na leo hakuna kijiji cha Micheweni wala Makunduchi kisichojua kutuma fedha kwa simu. Wakala alilipwa kamisheni kwa kila muamala, tangu muamala wa kwanza. Aliyekuwa akimfundisha bibi kubonyeza namba alikuwa na faida yake mle mle ndani ya somo. Mwanafunzi naye hakuhitaji kupanga upya maisha yake, kununua boti, wala kumshawishi mtu mwengine abadilike kwanza.

Wapo wanaosoma takwimu kama zile za OECD na kuhitimisha kwamba kampuni dhaifu ziachwe zife, ili wafanyakazi na mitaji ihamie kwa wenye nguvu. Hoja hii haipaswi kupuuzwa. Wachumi Chang-Tai Hsieh na Peter Klenow walionesha mwaka 2009 kwamba China na India zilipoteza tija kubwa kwa kuwa rasilimali zilikwama kwenye viwanda visivyozitumia vizuri. Lakini kuhama kunataka pa kuhamia. Zanzibar, yenye watu 1,889,773 kwa sensa ya mwaka 2022, haina viwanda vikubwa vinavyosubiri mikono. Karakana ya Jang'ombe ikifungwa, fundi wake haendi kwenye karakana bora zaidi. Anakwenda kuendesha bodaboda au kukaa barazani. Biashara zetu dhaifu pia hazifi, zinasinyaa: zinapunguza saa, zinapunguza chakula cha nyumbani, zinaendelea. Na hizo ndizo zinazolisha familia nyingi. Kwa hivyo kuinua tija ya mwenye tija ndogo, hapa, ndiyo sera ya uchumi inayowagusa walio wengi, na si huruma inayotolewa pembeni.

Mchumi Zvi Griliches, alipochunguza mahindi chotara ya Marekani katika makala yake ya mwaka 1957, aligundua kwamba wakulima wa Iowa waliyapokea ndani ya miaka michache huku wa Alabama wakichelewa sana. Wengi wangesema watu wa Alabama walikuwa nyuma. Yeye alionesha kwamba wenye kuuza mbegu walichelewa kutengeneza aina inayofaa ardhi ya Alabama, kwa kuwa soko la huko halikuwavutia, na kwamba mkulima wa huko alikuwa na faida ndogo ya kupata kwa kubadilika. Nalitaja hili kwa sababu ya mbegu za mwani. Mbegu ya cottonii iliyokuja na kudhoofika katika maji yetu ya moto inahitaji mrithi aliyechaguliwa hapa hapa, katika bahari ya Pemba na Unguja, kwa miaka ya kazi ya maabara na ya ufukweni. Utafiti huo hautavutia picha za makabidhiano. Bila huo, tutaendelea kuwashangaa wakulima kwa kutopanda kitu kinachokufa.

SMIDA inashughulikia viwanda vidogo, na ZEEA inatoa mikopo ya uwezeshaji. Katika mikopo hiyo, fedha huenda kwenye kitu kinachoonekana: chombo, mashine, malighafi. Ningeomba sehemu yake iandikwe wazi kuwa ni ya kujifunza, yaani ya kufidia ijara ya fundi anayelipwa kwa kipande katika zile wiki ambazo mashine mpya inampunguza kasi, na ya kumlipa aliyekwisha kuimudu aje akae na jirani. Kisha, mwaka mmoja baadaye, afisa arudi mtaani na kumtafuta mtu wa tatu, asiyepewa mkopo, aliyeiga. Idadi ya watu wa tatu isomwe Chukwani pamoja na idadi ya boti.

Na lipo jambo ambalo halihitaji hata mkopo. SMZ imeweka matumaini makubwa katika kiwanda cha mwani cha Chamanangwe, Kaskazini Pemba. Kiwanda cha aina hiyo kinataka mwani mkavu, usio na mchanga. Kuupata kunataka chanja iliyoinuliwa kutoka ardhini: miti, nyavu, siku za kazi. Ikiwa mwanamke mmoja wa Micheweni atajenga chanja na mwenziwe akaanika juu ya mchanga, kisha wote wawili wakafika kwenye mizani na kulipwa bei moja kwa kilo, aliyejenga chanja atakuwa amepoteza mara mbili, kwa sababu mchanga nao una uzito na umemlipa mwenziwe. Msimu ujao hatajenga. Wanaosimamia ununuzi waandike bei mbili ubaoni, pale pale penye mizani, moja ya mwani safi na moja ya mwani wenye mchanga. Tofauti iwe kubwa kiasi cha kurudisha gharama ya chanja ndani ya mavuno mawili au matatu, na mnunuzi atakapoukataa mwani wa mtu kuwa si safi, aufungue polo na kumuonesha mwenyewe.